Neno la Kipaimara la Nakijwa

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana si ile ya sungura na fisi. Ni zamani ya watu waliovaa viatu, wakalima tangawizi na kwenda kanisani kengele ilipolia. Kaeni vizuri. Hadithi hii haina karamu mwishoni, ina kaburi. Nikimaliza nitauliza swali, na atakayesinzia ndiye nitakayeanza naye.

Katika milima ya Upare palikuwa na usharika uitwao Kivindu. Watu wake walikuwa Walutheri tangu babu zao, na walikuwa na desturi moja waliyoipenda kuliko zote. Kijana akimaliza mafundisho ya kipaimara, mchungaji alimwombea, kisha akamchagulia aya moja ya Biblia iwe yake. Aliiandika kwa mkono wake kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia ya yule kijana. Tangu siku hiyo ile aya iliitwa neno lake. Akioa, lilisomwa. Akiugua, alisomewa. Akifa, Biblia yake iliwekwa juu ya jeneza, na kabla udongo haujashuka, mtu mmoja alilisoma neno lile kwa sauti, watu wote wasikie. Msomaji alichaguliwa na mama wa marehemu, kama yu hai. Alimkabidhi Biblia mkononi, basi, hakuna aliyebisha. Watu wa Kivindu walisema mtu asiyesomewa neno lake amefukiwa tu, hajazikwa.

Sasa palikuwa na mama mmoja, Nanzia, mjane, asiyejua kusoma. Alikuwa na binti wawili, Nakijwa mkubwa na Namsifu mdogo. Nakijwa alikuwa mtoto wa kuugua. Kila mvua ilikuwa na homa yake, kila baridi ilikuwa na kifua chake. Alipofika siku ya kipaimara alikuwa mwembamba hata kanzu nyeupe ilibidi ifungwe kwa pini mgongoni. Mchungaji Elieskia, wakati huo bado kijana mwenye ndevu nyeusi, akamwekea mikono na kumpa neno lake. Lilikuwa la Zaburi, lile la mtu anayesema kwamba hatakufa bali ataishi, apate kuyasimulia aliyotendewa na Bwana. Kanisa zima likaguna kwa furaha. Mama Nanzia akalia mpaka kitambaa kikalowa. Alilishika neno lile kwa moyo siku hiyohiyo, akawa analisema akikoroga makande, akalisema akichuma majani ya ng'ombe.

Na neno likafanya kazi. Nawaambia likafanya kazi! Ukingo wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, ulipasuka, maji yakamzoa Nakijwa pamoja na mbuzi watatu. Mbuzi walikufa. Nakijwa alipatikana ameshikilia mgomba, hana hata jino lililovunjika. Ikaja surua ya kufagia nyumba, ikaingia kwao, ikatoka, Nakijwa akabaki. Akaolewa na Mbonea, mkulima wa tangawizi, mtu mkimya anayeomba kwa kupiga magoti hata shambani. Uzazi wa kwanza ukawa mgumu, mkunga akakata tamaa, na Nakijwa akaishi, na mtoto wake Anaeli akaishi. Watu wakaanza kumwita Hafi. Mgonjwa akizidiwa walisema, "Mwiteni Hafi akae karibu naye." Naye alikwenda, akacheka, akakaa kitandani kwa mgonjwa na kumenya ndizi. Mimi nilikuwa naye kwaya, sauti ya pili. Alikuwa anaimba vibaya na kwa nguvu, nami nilimpenda.

Mnaona ilivyokuwa? Hakuna aliyedanganywa na mpumbavu. Kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi.

Basi msimu wa kuvuna tangawizi, mvua ikinyesha mfululizo, Nakijwa akashikwa na tumbo. Lilianza kitovuni, likahamia chini upande wa kulia, likakaa hapo. Tabibu wa zahanati akaja, akalibonyeza, akalitazama. Akamwambia Mbonea nje ya mlango, "Huyu anahitaji kupasuliwa. Mshusheni hospitali ya bondeni. Leo, si kesho."

Wanaume wakakata miti miwili ya mkaratusi, wakafunga blanketi, machela ikawa tayari. Wakasimama uani huku mvua inawanyeshea. Lakini Nakijwa aliogopa kisu. Shangazi yake alishushwa kwa machela kama ile, akarudishwa kwenye sanduku. Akasema, "Ngojeni kwanza. Nataka kuuliza."

Akamwita mumewe. Akamuuliza, "Baba Anaeli, lile neno langu ni langu kweli?"

Mbonea akajibu, "Ni lako. Umelionja majini, umelionja kwenye surua, umelionja katika uzazi. Linawezaje kukuacha leo?"

Akamwita Mchungaji Elieskia, ambaye sasa ndevu zake zimekuwa nyeupe. Akamuuliza, "Mchungaji, lile neno langu ni langu kweli?"

Mchungaji akamwekea mkono kichwani. Akajibu, "Mwanangu, Neno la Mungu halisemi uongo." Akamwombea, akaondoka, maana alikuwa na ibada nyingine ng'ambo ya kilima.

Akamwita mdogo wake Namsifu. Huyu alikuwa amesoma chuo cha Biblia, akawa mwalimu wa Shule ya Jumapili. Akamuuliza, "Mdogo wangu, wewe umesoma. Lile neno langu ni langu kweli?"

Namsifu akamtazama dada yake. Akaona jasho, akaona macho. Akajibu, "Ni lako, dada."

Nakijwa akasema, "Basi sishuki."

Mbonea akatoka uani. Akawaambia wenye machela, "Asanteni ndugu zangu, rudini nyumbani. Tukimshusha leo, kesho watoto wa kipaimara watatuuliza maneno tunayowapa ni ya nini." Nao wakaondoka na machela yao. Mama Nanzia alikuwa pembeni ya kitanda, analisema neno lile lile, taratibu, tangu asubuhi.

Siku ya pili maumivu yakakatika. Ghafla, kama mtu aliyezima taa. Nakijwa akaketi, akaomba uji, akanywa. Mbonea akakimbia mpaka kanisani akapiga kengele mwenyewe. Tukaja wote. Tukaimba uani pale, tukarukaruka kwenye tope, mimi pia niliruka. Tabibu alipopita na kusikia kwamba maumivu yamekoma, hakuruka. Aliingia ndani, akatoka uso umembadilika, akasema, "Jamani, tumbo limepasuka lenyewe kwa ndani. Hii si nafuu. Mchukueni, mchukueni sasa hivi!"

Sasa ndipo tulipoikumbuka machela. Mbonea alibeba mbele, hakukubali kupokewa. Njia ilikuwa tope tupu. Tumbo la Nakijwa lilikuwa limekuwa gumu kama ubao, na midomo imekauka. Tulipofika kwenye ndiva, ile iliyomzoa akiwa msichana, akaomba maji. Mtu akashuka kuchota kwa jani la mgomba. Aliporudi, yale maji hayakuhitajika tena.

Na hapo hadithi ingekwisha, kama ingekuwa hadithi ya kifo tu. Wangapi wamekufa milimani kwa kukosa barabara? Lakini subirini. Ilibidi azikwe, na ili azikwe ilibidi asomewe neno lake.

Tukakusanyika migombani nyuma ya nyumba ya Mbonea. Jeneza likashushwa. Mama Nanzia akaichukua Biblia ya mwanawe, akaifungua ukurasa wa kwanza, ukurasa asioweza kuusoma, akaishika kwa mikono miwili. Kila mtu alijua kilichoandikwa pale. Kila mtu alitazama chini. Ni nani atakayesimama mbele ya shimo lile na kusema kwa sauti kwamba huyu hatakufa?

Mama Nanzia akamnyooshea Mbonea. Mbonea akarudi nyuma. "Si mimi, mama. Mimi ndiye niliyerudisha machela."

Akamnyooshea Mchungaji. Mchungaji akatikisa kichwa. "Si mimi, Mama. Mimi ndiye niliyemwandikia."

Akamnyooshea Namsifu. Namsifu akaficha uso kwa khanga. "Si mimi, mama. Mimi ndiye niliyeulizwa mwisho."

Mama Nanzia akasema, na sauti yake haikupanda, "Vizuri. Wote mlikuwa na neno la kumwambia akiwa hai. Amekufa, hakuna mwenye neno. Basi na Biblia hii izikwe naye. Tuone kama nayo itafufuka."

Akainama kuitupa shimoni. Wazee wa kanisa wakapiga kelele. Hapo wale watatu wakaruka kwa pamoja, kila mmoja ameunyoosha mkono, na wale waliokuwa wanakimbia wakaanza kugombania. Sikilizeni vizuri sasa, maana swali langu liko hapa.

Mbonea akasema, "Nipe mimi! Nimekosa, lakini nimekosa kwa kusadiki. Hawa wawili wanalifundisha Neno, mimi nililala juu yake na mke wangu. Niliweka mke wangu juu yake! Asiyelisadiki atalisomaje? Itakuwa sauti tu. Neno linamtaka mwenye kuliamini, na hapa aliyeliamini ni mimi. Hata sasa ninaliamini, na linaniua."

Mama Nanzia akamwambia, "Mkwe wangu, uliliamini kwa tumbo la mwanangu. Lako lilikuwa haliumi."

Mbonea akalia mbele za watu, mtu ambaye hatujawahi kumwona akilia.

Namsifu akasema, "Nipe mimi, mama. Neno lile halikuwa uongo, lilisomwa vibaya. Ni wimbo wa mtu aliyekwisha kuokolewa, anashukuru. Si hati ya kuzuia kifo. Yule Mshawishi alipompandisha Bwana wetu juu ya hekalu ajirushe, alimtolea aya, aya ya kweli kabisa, kutoka Zaburi vilevile! Na Bwana alimjibu kwamba imeandikwa pia. Imeandikwa pia, mama! Andiko hufunguliwa kwa Andiko. Ukiling'oa moja peke yake ukalifanya hirizi, linakuua. Kusoma bila kuelewa ndiko kulikomuua dada. Basi asome anayeelewa."

Mama Nanzia akamgeukia. "Hayo uliyajua lini?"

"Tangu chuoni, mama."

"Ulipoulizwa, ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua."

"Ukajibu nini?"

Namsifu akalitazama jeneza. Akasema, "Nilimwonea huruma. Hakuwa na kitu kingine cha kushika. Ningemnyang'anyaje?"

Mama Nanzia akasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sijui kusoma, Namsifu. Nilifundishwa nisadiki kilichoandikwa, nikasadiki. Leo, mwanangu akiwa shimoni, ndipo naambiwa kwamba kuna namna ya kusadiki. Kumbe kuna namna! Mlikuwa mmeiweka wapi?"

Nawauliza ninyi mnaojua kusoma: mngemjibu nini mama yule? Mimi niliangalia miguu yangu.

Ndipo Mchungaji Elieskia akavua kofia, mvua ikampiga kichwani. Akasema, "Nipe mimi, Mama. Sisomi kwa sababu nimestahili. Neno la Mungu halipati kweli yake kwenye mdomo unaolisoma. Lingengoja msomaji msafi, lisingesomwa popote duniani. Si imani ya Mbonea inayolifanya liwe kweli, wala si elimu ya Namsifu. Ni kweli hata nikilisoma mimi mwongo. Niliwekewa mikono nilisome, basi nilisome. Na mbele za Mungu Nakijwa hajafa, anaishi."

Mama Nanzia akasema, "Ulipomwandikia hukuandika kwamba ni baada ya kufa."

"Sikuandika."

"Na alipokuuliza hukumwambia."

"Sikumwambia." Mchungaji akameza mate. Kisha akasema jambo ambalo ingekuwa heri angelimeza nalo. "Mama, kuna kitu lazima ukijue kabla hujampa mtu Biblia hiyo. Neno lile silo nililomchagulia. Niliomba siku nyingi kwa ajili ya Nakijwa, na aya iliyonijia ni ile ya mtu anayepita katika bonde lenye giza, naye haogopi kwa kuwa hayuko peke yake. Hiyo ndiyo niliyotaka kumwandikia. Jumamosi ile ukaja nyumbani kwangu, ukaanguka sakafuni, ukasema, 'Mpe neno la uhai, Mchungaji, huyu mtoto ataniacha.' Nilikuwa kijana. Ulilia sana. Nikabadilisha."

 Nilisikia matone yakidondoka kutoka jani hadi jani.

Mama Nanzia akasema, "Kwa hiyo halikuwa lake."

Mchungaji akasema, "Ni Neno la Mungu. Ni kweli, kila herufi. Lakini kama ni Mungu aliyempa au ni mimi niliyempa, au ni wewe, Mama, sijui. Ninaulizwa na nafsi yangu kila siku tangu alipoanguka majini akaokoka. Niliona linatimia, nikajiambia kwamba basi Mungu amelikubali. Nikanyamaza."

"Kwa hiyo ni mimi," akasema Mama Nanzia.

 Namsifu alitaka kumshika, naye akamsukuma kwa kiwiko. Akaitazama ile Biblia, akaitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyeletwa na polisi. Akaanza kulisema lile neno kwa midomo bila sauti, kwa mazoea, kama alivyokuwa akikoroga makande, akafika katikati, akasita. Nilimwona akisita. Akajaribu tena kutoka mwanzo, akasita palepale.

Kisha akanyoosha mikono juu ya kaburi, Biblia iko wazi, mvua inaanza kuipata na wino wa ukurasa wa kwanza unaanza kutambaa. Akasema, "Chukueni basi. Achukue mmoja. Siwezi kuishika tena."

Mikono mitatu ikanyooka. Mkono wa Mbonea, wenye udongo wa tangawizi kwenye kucha, mkono wa aliyesadiki na kwa kusadiki kwake mkewe akafa. Mkono wa Namsifu, mkono wa aliyeelewa akanyamaza. Mkono wa Mchungaji, mkono wa aliyewekwa kulisoma, naye ndiye aliyelibadilisha. Na juu yao wote mikono ya mama, mikono ya mwanamke aliyeliomba neno lile, asiyeweza kulisoma, na analijua kwa moyo kuliko wote watatu.

Wenye majembe walikuwa wamechoka kungoja. Sisi wanakwaya hatukujua tuimbe wimbo gani.

Nimewasimulia hadithi hii watu wengi. Wapo waliosema Mbonea, kwa kuwa Neno bila imani ni wino. Wapo waliosema Namsifu, kwa kuwa imani bila kulielewa Neno imekwisha kuua mtu mmoja na itaua mwingine. Wapo waliosema Mchungaji, kwa kuwa Neno halitegemei mtu, na likitegemea mtu sote tumekwisha. Mzee mmoja alisema ni mama mwenyewe aliseme, hata kama atasita katikati, tukamzomea, baadaye nikaenda nyumbani nisilale. Na mwanamke mmoja aliinuka akasema lisisomwe kabisa. Aliondoka bila kuaga, na sijamwona tena kanisani.

Msiniambie kwamba Mungu anajua. Najua anajua. Siku ile naye alijua, na alituachia sisi wenyewe tuchague.

Jeneza liko chini. Ukurasa unalowa. Mama Nanzia bado amenyoosha mikono, na wewe umekaa karibu naye kuliko mimi. Je, ni nani aliyestahili kulisoma neno la Nakijwa? Mama anangoja: ampe nani?